Majibu Bado Hayajatoka

(Mazungumzo na vijana wa Manyatta, Kisumu, mwishoni mwa mwezi wa Shaaban baada ya swala ya Isha)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu, na dada zangu mlioko upande wa pili wa pazia, niliombwa nizungumze juu ya subira, kwa kuwa mwezi unaotujia ni mwezi wa subira. Nikawaomba wakubwa wangu waniruhusu niibane mada kidogo. Nataka kuzungumza juu ya subira ya mtu anayengoja majibu ya maabara.

Mama yangu mzazi ameambiwa ana saratani ya damu, ile inayoitwa lukemia. Wengi wenu mnajua tayari, maana hapa Manyatta habari hailali ndani ya nyumba moja. Mkinikuta njiani mnaniuliza, "Madaktari wanasemaje?" Nami nawajibu kwamba hawajasema yote, vipimo havijaisha. Basi mtu akisikia hivyo hushusha uso, kana kwamba nimemwambia kaburi limeshachimbwa. Ndipo nikaona tuongee, kwa sababu najua humu ndani si mimi peke yangu mwenye mzazi mgonjwa, na asiye naye leo huenda akawa naye kesho.

Sisi watu wa pembezoni mwa ziwa tumezoea kuwa na jina moja la ugonjwa. Kichwa kikiuma ni malaria. Ukitapika ni malaria. Ukichoka, watu wanakuuliza kama unalala ndani ya neti. Mama anauza mitumba pale Kibuye, na kwa miezi alikuwa akirudi nyumbani amechoka kupita kiasi cha mzigo aliobeba. Usiku anatoka jasho hadi kanga inalowa. Akila vijiko vitatu anasema ameshiba, na upande wa kushoto chini ya mbavu anahisi uzito kama wa jiwe. Akatibiwa malaria, kisha akatibiwa homa ya matumbo, kisha malaria tena.

Sitaki mtu atoke hapa akiwalaani waliomtibu. Malaria yenyewe hupunguza damu na kuvimbisha wengu, lile bandama lililoko upande huo huo wa kushoto. Ugonjwa wa mama ulivaa nguo za ugonjwa tunaoujua, na huku kwetu nguo hizo zinavaliwa na wengi. Kilichobadilisha mambo ni mtu mmoja aliyeagiza hesabu kamili ya damu. Chembe nyeupe za mtu mzima huwa kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika kila mikrolita ya damu, yaani kitone ambacho jicho lako litakiona kwa shida. Za mama zilipita 200,000. Yule kijana wa maabara alirudia kuhesabu kabla hajatoa karatasi.

Na msidhani haya ni ya maskini peke yao. Bob Collymore, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Safaricom, mtu ambaye angeweza kumwona daktari yeyote aliyemtaka, alieleza mwenyewe katika mahojiano ya televisheni mwaka 2018 kwamba yake ilianza kama mafua, na kwanza ikadhaniwa ni upungufu wa vitamini D. Kumbe ilikuwa lukemia ile ya kali. Alitibiwa London kwa miezi mingi, akarudi kazini mwaka 2018, na akafariki tarehe 1 Julai 2019. Ninamtaja kwa sababu mbili. Kwanza, mjue kwamba ugonjwa huu hujificha hata kwa wenye nacho. Pili, nyumbani kwetu jina lake lilitajwa jioni ile ile tuliyopata karatasi. Jirani alisema, "Kama Collymore na pesa zake aliondoka, sisi ni nani?" Wallahi maneno hayo yalimfanya mdogo wangu asile futari ya sunna aliyokuwa ameifunga.

Sasa hebu tuyaangalie maneno hayo, kwa sababu kosa lililomo ndani yake ndilo lililonileta hapa mbele yenu.

Ndani ya mifupa yetu kuna uboho, na humo ndimo damu inamotengenezwa: chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe ndogo za kugandisha damu unapokatika. Lukemia ni pale uboho unapoanza kutoa chembe nyeupe mbovu bila kipimo, zikajaa na kuwasonga wenzao. Hauambukizi. Vikombe vya mama mnywee tu, kama mlivyokuwa mkinywea. Na kwa wale waliotuletea habari ya kijicho kwa ajili ya kibanda cha Kibuye, nawaomba kwa heshima zote wanyamaze. Mama hana haja ya kuongezewa maadui sasa hivi.

Lukemia ni jina la ukoo, si jina la mtu. Ndani ya ukoo huo kuna matawi manne makubwa. Kuna mawili ya kali, ambayo huenda mbio, na mgonjwa huhitaji kuanza matibabu kwa haraka ya siku. Ndiyo aina aliyokuwa nayo Collymore. Na kuna mawili ya sugu, yanayokwenda polepole, na mtu anaweza kuwa nayo muda mrefu asijue. Katika hayo ya sugu kuna moja ambalo historia yake inafaa kila mwanafunzi aijue. Mwaka 1960 watafiti wawili wa mji wa Philadelphia, Marekani, Peter Nowell na David Hungerford, waliona kromosomu moja fupi isivyo kawaida katika chembe za wagonjwa wa aina hiyo. Baadaye ikajulikana kwamba kipande cha kromosomu ya 9 na kipande cha kromosomu ya 22 hubadilishana mahali, na hapo huzaliwa jeni mbovu inayoitwa BCR-ABL, inayouamrisha uboho usisimame. Miaka 41 baada ya ugunduzi ule, mwaka 2001, ikaidhinishwa Marekani dawa ya kuizima amri hiyo. Inaitwa imatinib, na wengi wanaijua kwa jina la Glivec. Ni kidonge. Mtu anakimeza nyumbani kila siku, na wengi wanaokimeza bila kuruka wanaishi miaka mingi, wanafanya kazi na kulea wajukuu.

Na usiniambie hiyo ni ya Wazungu. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 kumekuwa na mpango wa kampuni ya Novartis pamoja na The Max Foundation wa kuwapa dawa hiyo bure wagonjwa wasioweza kuinunua, na kwa Kenya kliniki yake ilikuwa Nairobi Hospital. Kuna watu wa Nyanza waliokuwa wakipanda basi la usiku kwenda kuchukua vidonge na kurudi. Wagonjwa wenyewe wana chama chao, Henzo Kenya, na kuzungumza na mtu aliyekaa na ugonjwa huo miaka kadhaa kumemtuliza mama kuliko hotuba zangu zote.

Kwa hiyo neno moja, lukemia, linaweza kumaanisha ugonjwa ambao siku tatu ni nyingi, na linaweza kumaanisha ugonjwa wa kidonge baada ya chakula. Anayekutolea hukumu juu ya mzazi wako kabla haijajulikana ni tawi gani, huyo amehukumu bila ushahidi, na sisi tuliosoma madrasa tunajua kadhi akifanya hivyo anaitwaje.

Kila kipimo kina swali lake. Hili ndilo nililotamani mtu aniambie siku ya kwanza, badala ya kunipa pole. Hesabu ya damu inajibu swali moja tu: chembe ni ngapi. Kisha tone la damu linapakwa kwenye kioo, mtaalamu anaangalia kwa hadubini chembe zina sura gani, changa au zilizokomaa. Kisha kuna kipimo cha uboho, ambacho mtu anapigwa sindano ya ganzi karibu na mfupa wa nyonga, na sindano nene inaingizwa mfupani kuvuta kidogo. Sitawadanganya, kinauma. Mama alinishika mkono, akasoma nyiradi zake hadi kikaisha, kisha akauliza kama anaweza kunywa chai. Halafu kuna kipimo cha jeni. Siku hizi hata mtambo wa GeneXpert, ule mnaousikia katika kupima kifua kikuu, una kipimo cha BCR-ABL, lakini si kila penye mtambo pana vifaa vya kipimo hicho, na sampuli husafirishwa. Hapo ndipo tulipo. Sampuli imekwenda, majibu bado.

Sasa mnaona kwamba daktari anaposema "hatujui bado" anatuambia jambo la kweli, nalo ni la heshima kuliko kubahatisha. Nitawakumbusha kisa mnachokijua. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kwamba huko kuna tauni. Hakujitia kujua. Aliwaita Muhajirina wa mwanzo, wakatofautiana. Akawaita Ansari, nao wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakakubaliana arudi, naye akaamua kurudi. Baada ya uamuzi huo ndipo akaja Abdulrahman bin Auf (R.A.), ambaye hakuwepo, akiwa na elimu aliyoisikia kwa Mtume (S.A.W.) juu ya jambo hilo hilo. Kisa hiki husimuliwa kwa ajili ya kadari, na ni sawa. Mimi siku hizi nakitazama upande mwingine. Amirul Muuminina aliuliza makundi matatu, akafanya lililowezekana kwa alichokijua saa ile, na elimu iliyobaki ikamfikia baadaye. Daktari wa pili akisema tofauti na wa kwanza, usione kwamba umedanganywa.

Lakini kungoja si kukaa. Tofautisheni hapo, tafadhali. Sisi tulipoambiwa tungoje tuliuliza: je, kuna dawa ya kuanza huku tukingoja? Ikawepo. Mama anameza haidroksiurea, ya kuteremsha hesabu ya chembe nyeupe, na ni dawa hiyo hiyo wanayopewa watoto wetu wenye selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za hapa Kisumu hazihitaji kuelezwa. Na tuliuliza ni dalili zipi zikitokea tusingoje hata asubuhi. Tukaambiwa: homa kali, kutokwa na damu kwenye fizi au puani isiyokatika, kuhema kwa shida, maumivu ya kichwa na kuchanganyikiwa. Nimeziandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni, pamoja na namba ya mwenye tuktuk ambaye hazimi simu usiku.

Na wewe mwenye mzazi mgonjwa, nunua faili. Lile la shilingi chache tu. Tia humo kila karatasi ya maabara kwa tarehe zake, picha na barua za rufaa. Hospitali kubwa hapa kwetu ni Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee mpaka leo wanaiita Russia kwa kuwa Warusi ndio waliosaidia kuijenga, ikafunguliwa mwaka 1969. Ukitoka hapo ukapelekwa Eldoret kwa Moi, au Nairobi, daktari wa huko atataka kuona namba zimepanda au zimeshuka vipi, na faili lako ndilo litakalosema. Ndani ya familia mchagueni mtu mmoja wa kuzungumza na madaktari. Wakienda watu watano, zinarudi habari saba. Na hakikisheni mzazi ameandikishwa SHA na michango yake imelipwa, maana NHIF ilikoma mwaka 2024, na kadi yake ya zamani haitakufungulia mlango.

Mitishamba, habbat sauda na maji ya zamzam sivikatazi, na kisomo kwa mgonjwa ni jambo jema. Mtume (S.A.W.) ndiye aliyewahimiza watu watafute tiba. Ila mwambieni daktari kila kinachoingia mdomoni mwa mgonjwa, kwa sababu kuna mizizi inayogombana na dawa, na ini la mtu ni moja.

Kuna jambo limetugawa nyumbani, na nalisema kwa idhini ya mama. Mjomba wangu, Allah amlipe kheri kwa yote aliyotutendea, alitaka mama asiambiwe. Aambiwe ana upungufu wa damu, basi. Hoja yake ilikuwa huruma: akijua atavunjika moyo. Namheshimu mjomba, na sikumjibu mbele ya watu. Lakini mama ni mtu mzima mwenye akili zake. Ana madeni Kibuye na ana wanaomdai na anaowadai, ana amana za watu, ana wasia wa kuandika kama sisi sote tunavyotakiwa tuwe nao. Na kama ni kidonge cha kila siku, atakimezaje miaka na miaka kwa ajili ya ugonjwa ambao hajui anao? Mwishowe hatukuhitaji kubishana. Alituita jioni akatuuliza, "Mnanong'ona nini jikoni?" Mama mkubwa akamwambia, polepole, kwa Kijaluo, akimshika mikono. Mama alinyamaza kitambo. Kisha akauliza ni nani atakayekaa kibandani Jumapili, maana Jumapili ndiyo siku ya soko.

Analia usiku, msidhani hakulia. Na hilo halipunguzi subira yake hata kidogo. Nabii Yaakub (A.S.) alilia hadi macho yakafifia, na Allah hakumtoa katika wenye subira.

Sasa Ramadhani hiyo inaingia. Mama anataka kufunga. Hajawahi kula mchana wa Ramadhani isipokuwa kwa udhuru wa wanawake, na anaona aibu. Daktari amesema asifunge, kwa sababu anahitaji maji mengi sana na damu yake iko chini. Tumekwenda kwa maalim wetu kuuliza, na majibu yake yamenifungua macho. Mgonjwa ana ruhusa, hilo liko wazi katika Suratul Baqara. Lakini baada ya hapo vipimo vinaingia hata kwenye fiq'hi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ugonjwa ukitarajiwa kupona, mtu atakula sasa na kulipa kadhaa akipata nguvu. Usipotarajiwa kupona, ni fidya, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Na huyu je, ambaye hajui bado? Maalim akasema ale leo kwa ruhusa ya leo, na hesabu ya kadhaa au fidya ingoje kauli ya madaktari, Allah hana haraka ya kumdai. Ikiwa itakuwa imatinib, nayo humezwa pamoja na chakula na bilauri kubwa ya maji mara moja kwa siku, huenda siku za mbele daktari akakubali imezwe wakati wa futari. Huenda. Hilo pia tutaliuliza wakati wake.

Swali jingine mliloniuliza vijana: kutolewa damu ya kupimwa, kunavunja saumu? Kwa Shafi hakuvunji. Basi msiahirishe kipimo cha mzazi mpaka baada ya Idd kwa kisingizio hicho.

Lakini kutoa chupa nzima ya damu ukiwa umefunga kunakudhoofisha, na watu wengi hawaji kutoa mchana wa Ramadhani, ilhali wagonjwa hawapungui. Chembe za kugandisha damu hukaa siku tano tu baada ya kutolewa, kisha hutupwa. Mgonjwa wa lukemia anaweza kuhitaji hizo, na chupa za damu, mara kwa mara. Si lazima damu yako iingie kwa mama yako. Inaingia benki, na mwingine usiyemjua alishatoa ile anayotiwa mama leo. Mama ametiwa chupa nne, na sijui hata moja ilitoka kwa nani.

Kwa hiyo vijana kadhaa wa mtaa tumeagana: wanaoweza waende wiki hii kabla mwezi haujaandama, na waliobaki tukutane siku ya tatu ya Idd, saa tatu asubuhi, nje ya msikiti, twende pamoja kwa miguu hadi kituo cha damu kule Russia. Uwe na miaka 16 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi, na uwe mzima. Uje na kitambulisho, na uwe umekula na kunywa maji. Dada zetu nao wamepanga kundi lao na mama mkubwa ndiye kiongozi, kwa hiyo msichelewe, mnamjua.

Katika dua zenu za usiku mtajeni mama yangu, na wagonjwa wote wanaongoja majibu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.